Kobe, Mjapani na Mito Yangu Miwili

Jumapili jioni, Marani

Mvua ilianza saa nane na sasa imeacha, lakini migomba bado inachuruzika maji. Makori amekwenda Nyakoe kurudisha gari la watu. Mimi nimeketi jikoni peke yangu, macho yamevimba kwa kulia, na mimi ni bibi harusi wa wiki sita tu.

Nianze na furaha, kwa sababu ilikuwepo.

Tangu tuoane, mimi na Makori wangu tumekuwa na ndoto moja: gari dogo. Yeye ni karani mjini Kisii. Sababu ya kwanza ya ndoto hiyo ni mguu wa baba yake. Mzee ana kidonda kisichopona, na kila Jumanne lazima afike hospitali mjini kikasafishwe. Anakwenda kwa fimbo hadi barabara kuu, asubuhi na mapema, katika tope hili letu. Daktari alimwambia Makori waziwazi kwamba mzee akiendelea kuutembelea mguu huo, utakatwa.

Sababu ya pili ni yangu, naiandika hapa tu. Nilitaka wenzangu wa sekondari walioko Sironga wanione nikipita, nimekaa mbele, kando ya mume wangu.

Tulipata magari mawili, yote yameshatumika. Moja ni la mwalimu mmoja, lile lenye mgongo wa mviringo ambalo kila mtu huliita Kobe. Jingine ni la mwenye duka pale Nyakoe, jeupe, limetoka Japani, nasi tukaliita Mjapani. Wenyewe walikubali tujaribu kila moja siku nzima.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Kobe. Mimi nilikuwa na homa, nikabaki kitandani. Makori alimpeleka baba yake hadi Nyakoe na kurudi. Kobe, kwa kuwa injini yake iko nyuma, lilipanda kilima chetu bila kuteleza hata kidogo, na mngurumo wake ulinifikia chini ya blanketi. Baba mkwe alirudi akicheka. Aliwaambia watu wote uani kwamba amebebwa kama yai. Ila mguu wenye bandeji haukupata pa kunyooka, ikabidi akae upande safari nzima.

Ndiyo maana moyo wangu ulikuwa kwa Mjapani. Milango minne, na kiti cha nyuma ambacho mzee angenyoosha mguu wote. Kwenye tope linataka dereva mwenye subira, lakini Makori ana subira. Angekosaje, na amenioa mimi?

Leo tulilifuata pamoja. Mwenye duka aliinama dirishani akasema, “Bibi harusi, usimsogelee dereva sana, gari hili halijui njia lenyewe!” Tulicheka mpaka Marani. Makori alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya wangu, na mashamba yalikuwa yameoshwa na umande, na nilifikiri kwamba hakuna mwanamke katika Kisii nzima aliyepewa alichopewa huyu Kemunto.

Tulipofika nyumbani nilifanya jambo.

Niliingia chumbani kwetu nikachukua mito miwili ya kitanda chetu, ile niliyoitarizi njiwa na majina yetu mawili. Nikaipanga kwenye kiti cha nyuma. Nilitaka mguu wa mzee ukae mahali laini. Naapa sikuwaza jingine.

Baba mkwe alitoka amevaa koti lake la Sabato na kofia. Makori akamfungulia mlango wa nyuma. Mzee alitanguliza fimbo, kisha akaiona mito. Siku ya harusi ilitolewa sandukuni, wanawake wakaiinua juu wakiimba, na kila mtu alijua inakwenda kwenye kitanda gani.

Aliirudisha fimbo polepole.

“Makori, hii ni nyumba yako.”

“Tata,” Makori akamwambia baba yake, “ni gari.”

“Kuna kitanda ndani.”

Nilikimbia kuiondoa mito, lakini alikuwa ameshageuza uso asinitazame. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya kuoneana haya, na mimi nimeijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Makori alimsihi wachukue Kobe basi, kwa kuwa alishalipanda. Mzee akatikisa kichwa. Alisema alidhani ni gari la kazi. Sasa ameona kwamba mkamwana atakaa humo pia, na gari wanalokaa mume na mke ni chumba chao, liwe la mviringo au la milango minne. “Nunueni, mwanangu, mtembee vizuri. Mimi nina fimbo.”

Hakukasirika. Angekasirika ningevumilia.

Mama mkwe alinikuta hapa jikoni. “Wewe nawe, mwanangu! Umemtandikia mzee kitanda chako, halafu unashangaa amekimbia?” Akaanza kucheka, akaniona ninavyolia, akaacha. Alinipangusa uso kwa leso yake, akasema mzee hatabadilika. Yeye mwenyewe ameshamwomba.

Keshokutwa ni Jumanne.

Nimeamua, na naandika ili nisije nikajirudi. Makori akifika nitamwambia tununue Mjapani, kwa sababu humo mguu utanyooka. Na mimi sitapanda. Si siku ya Sabato, si ya soko, hata mvua ikinikuta njiani. Mama mkwe atampelekea mzee neno kwamba hili ni gari la baba na mwanawe, mkamwana hataweka mguu humo. Nafikiri atakubali. Nimemuuliza mama mkwe, naye anafikiri hivyo pia.

Makori ndiye atakayekataa. Atasema gari bila mimi ni mabati tu. Atanishika mikono aseme tungoje, tutafute njia nyingine, nami nitataka kumsikiliza, ee Mungu, nitataka sana. Lakini kidonda hakingoji.

Leo nitamwombea baba mkwe maisha marefu, na mguu wake upone. Nitaomba kwa moyo wangu wote, nikijua kwamba kila mwaka ninaomwombea ni mwaka ambao mume wangu atanipita barabarani, apunge mkono dirishani, nami niendelee kutembea.