Darubini Iliyoelekea kwa Mwenye Bucha

Jumatatu, 3 Machi

Stendi ya darubini imefika! Ni ile wanayoiita stendi ya ikweta, ya kufuata nyota zinavyozunguka, chuma kitupu, kuipandisha paani mgongo umekoma. Mhimili wake ukielekezwa kaskazini barabara, unazungusha kirungu kimoja tu na nyota haikutoki machoni. Kwa watu wa mbali na ikweta mhimili huo huinuka juu. Sisi ikweta iko mlangoni, kwa hiyo umelala karibu chali — na kaskazini yangu yote ni dirisha la mwenye bucha, ng'ambo ya barabara. Kusini kuna tangi la maji. Basi, ni hapo hapo. Jioni nimemwona Mshtarii na miezi yake. Raha!

Jumatano, 5 Machi

Nimeinamia darubini nakaza skrubu, mara jiwe! Limenipita sikioni. Mwenye bucha yuko chini, aproni imejaa damu, ati namchungulia mkewe. Nikamwambia natafuta ncha ya kaskazini. Akauliza tangu lini ncha ya kaskazini ikawa chumbani kwake. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mpumbavu mkubwa.

Baadaye, nikila na dada yangu, tukasikia kipigo ng'ambo. Kitu kikaanguka, mkewe akalia. Dada akasukuma sahani. Akasema niishushe darubini, kuna mtu anaumia. Sishushi! Kosa langu nini?

Ijumaa, 7 Machi

Nimekutana na mkewe dukani. Jicho limeziba kabisa. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: jirani, usinisemeshe, nitaadhibiwa.

Damu ikanichemka. Nikaenda moja kwa moja buchani, nikamkunja shati. Yule anabeba nusu ng'ombe begani. Mimi kazi yangu kukata vioo vya miwani. Kanigongesha uso kwenye meza ya nyama, jino limebaki huko huko. Watu wakatuamua. Mteja mmoja akauliza kama kilo yake iko tayari!

Dada ananikanda kwa maji ya moto na kunisimanga: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, mdogo wangu, wewe una kioo. Sikucheka. Nataka kumuua yule mtu. Naandika hivyo hivyo: nataka kumuua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeifunika darubini kwa turubai. Nimeshindwa, haya.

Kipigo kimezidi! Tumemsikia akinguruma: kama hamna lenu, mbona kafunika? Nani kamwonya? Sasa nifanye nini mimi? Nikiifunua anapigwa, nikiifunika anapigwa.

Jumapili, 9 Machi

Mkewe yuko hapa paani. Katoroka peku, mkono umevunjika, dada kaufunga kwa shuka. Mtoto wao, wa miaka miwili, kabaki ndani na baba yake. Polisi tumewapigia: hayo mambo ya ndoa, njooni kesho. Dada kakimbia kuita majirani.

Nimevua turubai. Leo ndiyo mara ya kwanza nalenga lile dirisha makusudi. Mama akaweka jicho, akashtuka, mbona wako kichwa chini? Nikamwambia darubini ndivyo inavyoonyesha, wako salama. Hataki kuondoka hapo. Nami siwezi kukaa bure, naandika.

Baba anamlisha mtoto, mama anasema. Anampangusa mdomo. Kisha akalia: kumbe anajua kumlisha!

Sasa baba kamnyanyua mtoto. Kaja naye dirishani. Anatutazama sisi.

Kafunga pazia.

Mama wa watu keshashuka ngazi, anamrudia mtoto. Nimeokota nyundo, ninayo mkono wa kushoto, nami bado naandika — Mungu wangu, kwa nini bado naandika!