Nilizungumzia treni msibani

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na mlangoni kandambili za wageni zimelowa zote.

Mjomba Idi, kaka yake mama, alifariki juzi huko Tabora. Walimzika siku ileile, hatukuwahi. Kwa hiyo msiba tumeuweka hapa nyumbani, Nyamirambo.

Mimi nina usonji. Daktari alisema hivyo, mama akaitikia kwa kichwa, na nyumbani hatukulitaja tena. Ninachopenda ni treni. Hapa kwetu Rwanda hakuna reli, sijawahi kuiona treni kwa macho yangu. Mjomba ndiye aliyekuwa ananiangalizia. Yeye alikuwa muuza vitenge, treni hazikumhusu hata kidogo, lakini kila akipita stesheni alinirekodia honi, akanitumia kwa simu, halafu: "Haya Bibi Treni, mzigo wako huo."

Leo Mama Zuhura, jirani yetu fundi cherehani, alinishika mkono mbele ya wanawake wote.

"Pole mwanangu. Wewe na mjomba wako mlikuwa mnaongea nini siku zote hizo?"

Aliuliza. Nikajibu.

Nikamweleza treni ya Dar inavyokatwa pale Tabora, mabehewa mengine yaende Mwanza, mengine Kigoma. Na jinsi Mjomba alivyosimama juani mpaka akakiona kile chuma kinachoshikanisha behewa na behewa, kwa sababu mimi nilikuwa nimemuuliza. Nilikuwa sijafika hata kwenye breki.

"Yebaba we! Huyu iko nalia ama iko nauza tiketi?" akasema mmoja.

Wakacheka. Hata waliokuwa wanalia.

Mama alinivuta mpaka jikoni. "Leo hapana, Zaina. Mimi nimefiwa na kaka yangu, wewe treni! Hata chozi huna?"

Sikuwa nalo.

Nilitaka kumwambia kwamba pale mkekani nilikuwa namlilia, behewa baada ya behewa. Badala yake nikaosha vikombe, hata vilivyokuwa safi.

Kesho wanakuja jamaa wa mtaa wa Biryogo, nao wataniuliza. Nimejizoeza mbele ya kioo: "Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu." Mama alinisikia kutoka chumbani. Akasema ndiyo, hivyo hivyo, mwanangu.

Nitaisema, mama apumue.

Ila maneno yale yanamfaa marehemu yeyote. Huyu wangu, nitamlilia wapi?