Pazia la Chumba cha Baba Mkwe

Butimba, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani unaota jua, goti limepungua kuuma, na mdogo wangu Mwanaidi amemaliza kuvuna mbaazi. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula na shule wanakwenda. Juma ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka utadhani ni mzee. Mimi sina homa, sina maumivu, nalala vizuri. Kulala kwenyewe kupo hata mchana.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Mama, simu ya huko unapokelea dukani, na ukiongea watu watatu wanakusaidia kusikiliza. Siku ile nilikwambia tu kwamba baba mkwe amefariki kwa mafuriko, ukanipa pole, nikashukuru, tukaagana. Yaliyobaki nimeyaandika hapa. Barua anakuja nayo jirani yangu anayesafiri Songea kumwona kaka yake. Mwanaidi akusomee mkiwa wawili tu.

Unaikumbuka ile ndoo yako yenye mfuniko, iliyokuwa inakaa mvunguni mwa kitanda na sisi tukikatazwa kuigusa? Mimi nami ninayo. Tangu niolewe huku nimekuwa wewe mtupu. Kila nikipima mchele wa kupika, narudisha konzi moja kwenye kopo la pembeni. Vipande vya sabuni vilivyokwisha naviyeyusha pamoja. Vumbi la makaa nalichanganya na udongo, nalifinyanga, nalianika, na linaivisha maharage bila shida. Viazi vitamu vikishuka bei nakata na kukausha juani juu ya mawe. Huku wanaita michembe, na inakaa miezi. Ndani ya ndoo kuna michembe, dagaa wakavu, chumvi, mishumaa, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na khanga yako ile ya kijani. Baba Zuhura hunitania kwamba yeye ni mke mdogo, mume mwenyewe ni ndoo.

Nyumba yetu iko chini ya mlima wa mawe, na nyuma yake kuna korongo. Kiangazi mbuzi wanapita humo. Mvua ikinyesha juu, maji yanateremka na kila kitu. Ndiyo maana kila msimu wa mvua ukikaribia nilikuwa nafanya zoezi. Napiga sufuria kwa mwiko mara tatu, kila mtu anachukua mzigo wake, tunapanda hadi kwenye jiwe kubwa la juu. Zuhura anabeba sufuria na mwiko wenyewe. Juma anabeba dumu dogo la maji ya kunywa. Mimi nabeba ndoo. Baba Zuhura anambeba baba yake.

Mzee alikuja kwetu kutoka kijijini Magu miaka miwili iliyopita, miguu ilipokataa. Tulimjengea chumba cha tofali za udongo upande wa nyuma, kina mlango wake na pazia. Nilishakueleza desturi ya hawa wenzetu. Mkamwana haingii chumba cha baba mkwe. Hali naye, hampi mkono, wakikutana njiani anasogea pembeni. Wewe ulimlisha babu kwa kijiko hadi siku yake ya mwisho, nilikuona. Lakini nimeolewa huku, nikafuata ya huku. Chakula walimpelekea watoto, kuoga aliogeshwa na mwanawe. Miaka miwili nilimpikia na sikumwona akila hata tonge moja. Nilimjua kwa sauti, na kwa sahani zinazorudi. Mlenda ulirudi umekwisha kila mara. Kisamvu kilirudi nusu, basi nikaacha kumpikia kisamvu.

Zoezi alilipenda. Akisikia sufuria anauliza kwa sauti kutoka ndani, "Na mimi ni mzigo wa nani?" Watoto wanamjibu, "Wa baba!" Anacheka mpaka anakohoa. Nami nilikuwa nacheka uani. Hakuna aliyeuliza baba akiwa hayupo itakuwaje, hata mimi mwenye ndoo sikuuliza.

Siku yenyewe baba Zuhura alikuwa Magu kununua mpunga. Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa ya kawaida, ila juu mlimani ilikuwa nyingine. Nilisikia mawe yanagongana korongoni, nikapiga sufuria mara tatu, nikampa Zuhura. Juma akachukua dumu, nikamtuma atangulie kwenye jiwe, akaenda vizuri kama tulivyozoea. Mimi nikabeba ndoo. Nilipozunguka nyuma, maji yalikuwa yanaingia kwa mzee, yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Nikasimama kwenye pazia. Nikasema, "Baba, maji."

Akasema, "Nayaona. Usiingie, mkamwana, sijavaa. Tafuta mwanamume."

Hayo ndiyo niliyomwambia mume wangu, na ndiyo yaliyosemwa kwenye msiba. Ni kweli aliyasema.

Nilisimama pale nikiangalia barabarani, nikaita majirani. Nyumba nyingi zilikuwa na wanawake tu, kila mmoja na watoto wake na mizigo yake. Maji yalipanda hadi chini ya magoti. Kitanda nilikisikia kinasogea. Ndipo mzee akasema tena, na safari hii hakuniita mkamwana. Alisema, "Mwanangu, ingia tu. Njoo."

Mama, mkono wangu ulikuwa umeshika pazia. Nakumbuka lilikuwa limelowa na lilikuwa zito. Mkono mwingine ulikuwa na ndoo. Nilisema, "Nakuja, baba, naleta mtu." Nikaliachia pazia, nikakimbia kumtafuta fundi baiskeli wa pale kona. Nilimpata. Hatukuchelewa sana, ni muda wa kuchemsha chai. Tuliporudi ukuta wa upande wa korongo ulikuwa umelala ndani.

Ndoo haikuingia tone la maji. Jioni hiyo, juu ya jiwe, niliifungua nikawapa michembe watoto na wenzetu waliokuwa hawana kitu. Walinisifu kwa kujiandaa. Nami nilitafuna. Haikuwa na ladha yoyote, na mpaka leo chakula hakina ladha. Sijalia, mama. Wenzangu walilia msibani, mimi nilikuwa nahesabu vikombe.

Tulimzika kwao Magu. Baada ya maziko, shangazi yake mume wangu, yule mkubwa wanayemsikiliza wote, aliniita mbele ya wanawake. Akasema, "Huyu ndiye mkamwana. Wa siku hizi wangeparamia chumba cha mzee na kumwona utupu wake. Huyu maji yamemfika magotini na heshima hakuivunja." Akanivika kitenge kipya mabegani. Wakapiga vigelegele kidogo, vile vya kujizuia kwa sababu ya msiba. Nilipiga magoti nikashukuru. Kitenge nimekikunja nikakiweka ndani ya ndoo, juu ya khanga yako.

Mume wangu aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunaokota tofali. "Mwishoni alisema nini?" Nikamjibu, "Alisema nisiingie." Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiye mwenyewe huyo." Naona jibu hilo limempa nguvu. Analala. Ameanza kutabasamu kwa watoto. Nikimwambia lile neno la pili, sijui nitakuwa nimempa nini. Nisipomwambia, kila atakayenisifu atanisifia kule kutoingia.

Nataka kukuuliza, mama, ila najua jibu lako, kwa sababu wewe ungeingia. Ungeingia kwa lile neno la kwanza bila kusubiri la pili. Ningekuwa nalia ningesema naona aibu. Nadhani aibu ipo, nimeifunika mahali.

Mengine ni ya kawaida. Bei ya mkaa imepanda, nafinyanga vumbi zaidi. Pale palipokuwa chumba pamebaki msingi tu, na mchicha umeanza kuota humo wenyewe. Sijauchuma.

Nisalimie Mwanaidi, mwambie asome kwa sauti ya chini na asiruke mstari. Msalimie mjomba anayekulimia shamba la bondeni, na shangazi aliyenifunga khanga siku ya harusi yangu. Msalimie na yule bibi jirani aliyenifundisha kukausha mboga; mwambie kisamvu chake kinakaa mwaka mzima. Watoto wanakuamkia, shikamoo bibi.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Naongeza jambo la leo.

Wingu limejifunga tena mlimani, na baba yao ameshakwenda Magu, hatarudi hadi keshokutwa. Basi mchana nikafanya zoezi, la kwanza tangu msiba. Nikapiga sufuria mara tatu. Juma akatokea na dumu lake, tukapanda hadi kwenye jiwe. Zuhura hakuwepo. Nikamsubiri, nikaanza kukasirika, nikashuka kumfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama juu ya msingi kwenye ule mchicha, mikono mitupu.

Nikamuuliza, "Mzigo wako uko wapi?"

Akasema, "Nimekuja kwa babu kwanza. Si alisema tuingie?"

Siku ile alikuwa nyuma yangu na sufuria kichwani. Sikugeuka kumwangalia, wala hakuwahi kulitaja neno lile la babu hadi leo. Nimemshika mkono tukapanda kwenye jiwe, tukakaa mpaka wingu likaondoka.

Baba yake anarudi keshokutwa. Nitamwambia mimi, akishanawa mikono, kabla mtoto hajamwambia.

Niombee.

Mwanao,
Mama Zuhura