Nani Anafungua Hizi Kurasa?

Alhamisi. Karatu leo ina baridi ya kukata masikio, na ukungu umeshuka mpaka barabarani. Kichwa changu nacho hakieleweki.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Nafanya kazi mapokezi kwenye loji ndogo, wageni wetu ni wale wanaolala usiku mmoja kabla ya kupanda Ngorongoro. Tangu Ijumaa iliyopita kivinjari cha pale mapokezi kimekuwa kikifungua kurasa ambazo sijazifungua mimi. Niko katikati ya kuandika jina la mgeni, ghafla ukurasa mpya. Naufunga. Baada ya nusu saa, mwingine.

Zingekuwa za kamari au dawa za kupunguza tumbo ningeelewa. Kila mtu amekutana na hizo. Hizi zilikuwa za macho, tena kwa Kiswahili. "Jicho moja linaona ukungu." "Dalili za mtoto wa jicho."

Nilifanya yote ninayoyajua. Nilifuta historia. Niliondoa viprogramu vya nyongeza kimoja kimoja, hata kile cha kutafsiri ambacho nakihitaji. Nilipitisha antivairasi, ikazunguka asubuhi nzima ikasema mashine ni safi. Mwisho nilikiondoa kivinjari chenyewe, nikakiweka upya, nikaingia na akaunti yangu kama kawaida, nikamshukuru Mungu.

Saa nane mchana ukafunguka mwingine.

Juzi nilijikuta nimefumba jicho la kulia, nasoma kalenda ya ukutani kwa la kushoto. Halafu nikabadilisha. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mashine inajua kitu juu yangu ambacho mimi mwenyewe sikijui.

Sasa lile la aibu.

Nilimsingizia Nashipai. Ni mwenzangu wa mapokezi, kwao Loliondo, na saa ya chakula huitumia kompyuta hiyo kujifunza Kijerumani kwa sababu anataka kuwa mwongoza watalii. Nilimwambia bosi kwamba yeye ndiye anayepakua vitu vinavyoleta virusi. Ushahidi sikuwa nao. Nilihitaji tu pawe na mtu. Bosi akamkataza kuigusa. Nashipai hakubishana, alichukua daftari lake la Kijerumani akaenda kulia chakula chake nje, kwenye baridi. Siku tatu hivyo.

Leo saa nne, bosi akiwa amesimama mbele ya meza pamoja na wageni wawili, ukafunguka huu: "Mtu akipofuka anaweza kuendelea kulima?"

Sikuufunga. Sijui kwa nini. Wageni wetu hawalimi. Mimi silimi. Bosi alisema kesho ataleta fundi aifute mashine yote, akatoka na wageni wake. Mimi nikabaki nautazama.

Nashipai alikuwa nyuma yangu.

"Usifunge," alisema. "Soma pale pembeni."

Kwenye kona palikuwa na kijisanduku kidogo ambacho wiki nzima nimekuwa nikikifunga bila kukisoma. Kiliandikwa: kutoka Simu ya Fausta.

"Simu yangu hii hapa mezani," nilimwambia.

"Una simu ngapi?"

"Moja."

Alibonyeza kile kijisanduku, ikatokea orodha ya vifaa vya akaunti yangu. "Kompyuta inasema mbili."

Ndipo nikakumbuka. Pasaka nilimpa baba simu yangu ya zamani, na sikuondoa akaunti yangu. Baba anaishi Baray, analima vitunguu, na tangu mama afariki yuko peke yake. Kumbe kila alipokuwa akitafuta kitu, alikuwa akibonyeza mahali, na ukurasa unakuja kufunguka kwangu.

Nilitoka nje nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vitunguu vimeanza kulaza majani. Wiki ijayo tunang'oa."

Ndivyo alivyo, anaanza na shamba ili asiulizwe habari zake.

"Baba, macho yanakusumbua?"

"Nani kakuambia?"

"Kurasa ulizokuwa unatafuta zimefika hapa ofisini."

"Zote zimefika?"

"Zote."

"Basi vizuri," alisema.

Jicho la kushoto lilianza msimu uliopita. Sasa na la kulia linafifia. Haandiki, anaongea na simu nayo inaandika, halafu anakuza herufi mpaka neno moja linajaza kioo. Ule mshale wa kutuma anasema alidhani ni wa kutunza ukurasa usipotee. Aliniambia hivyo mara mbili, bila mimi kumuuliza.

Lakini ukiubonyeza ule mshale, simu inakuuliza upeleke wapi, na lazima uchague kwa jina: Kompyuta ya Fausta. Nimehakikisha kwenye simu yangu hii. Baba anaweza kulikuza jina langu akalisoma.

Alikosea? Au kila siku alikuwa akiniambia kitu, nami namfunga?

Nilikwenda kwa bosi nikamweleza kwamba fundi hahitajiki na kwamba Nashipai hakuwa na kosa lolote. Kisha nikamwomba Nashipai msamaha. Alisema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumwuliza. Baadaye kidogo, akiwa anatafuta funguo za chumba, akasema Jumatatu atakaa yeye mapokezi zamu yangu, nimpeleke mzee hospitali.

Kitufe cha kuiondoa simu ile kwenye akaunti nimekipata. Ni kubonyeza mara moja tu, na kurasa hazitafunguka tena. Sijabonyeza.

Jumamosi nakwenda Baray. Sijui nitaanzaje. Nikimuuliza moja kwa moja kama alinitumia kwa makusudi, atarudi kwenye vitunguu. Labda niingie naye shambani, tung'oe kwanza, nisubiri aseme mwenyewe.