Shemeji, Upanga wa Mawimbi Umebaki Kwangu

Shemeji,

Tangu tukuzike kule Iyula sijasema uongo hata mmoja ukanoga. Juzi hapa Tunduma, kijiweni kwa madereva, niliwasimulia nilivyoikata radi kwa upanga wako wa Kifilipino, nusu ikaangukia Zambia. Wakacheka, ndiyo. Lakini hakuna aliyeniambia, “Umemaliza? Haya, shika ndimu.” Hilo neno lako, bwana wee, hilo ndilo linaloniua.

Nakukumbuka kule nyuma ya nyumba, na panga zako nne. Wa kwanza alikuachia yule padri Mfilipino alipokuwa anarudi kwao, ukashikwa na ugonjwa wa panga za kale za kwao, ukawatuma madereva wa malori wakuulizie kwa mabaharia bandarini. Zikija zimekula kutu, mimi nasema tuzipeleke kwa fundi mwenye grinda, mara moja zinawaka. Unashika kichwa! “Shemeji, grinda inakula nyama ya chuma. Kutu inabembelezwa.” Mafuta, kitambaa, siku nzima. Kisha ndimu, na chuma kinatoa mistari yake kama ubao uliopigwa randa, tabaka juu ya tabaka, jinsi wahunzi wa kule walivyokikunja. Mimi nakamua ndimu na kukudanganya. Raha iliyoje.

Sasa ya huku. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo wako waligawa vitu. Koti, jembe, pikipiki, vyote vikapata wenyewe. Panga tatu zilizonyooka wakachukua kaka zako. Ule wa mawimbi, wanaouita kris, uliouacha hauna mpini, hakuna aliyeugusa.

“Umepinda kama nyoka,” akasema baba yako mdogo. “Labda ndio uliomla. Utupwe mtoni.”

Dada yangu, mkeo, akajifunika kanga usoni. Wote wakanigeukia mimi, wakingoja hadithi. Shemeji, mdomo huu unaoujua! Uongo nikauweka kando. Nikaomba ndimu tu. Nikapaka polepole kama ulivyokuwa unapaka, kutoka shinani kwenda kwenye ncha, na mistari ikapanda. Baba mdogo akainama mpaka kofia ikamdondoka.

“Kumbe ni kazi ya mikono ya watu.”

Dada akafunua uso. “Apewe kaka yangu huyu. Aumalizie mpini.”

Shemeji harithi, wote tunajua. Siku ile hakuna aliyebisha.

Basi ninao. Lakini lile shina kavu la kahawa ulilolichagua liwe mpini ni gumu kuliko mama mkwe, na yule ndege wao wa kwenye kichwa cha mpini, kakatua, kasuku mwenye kishungi, kila nikimchonga anatoka bata. Wanao wananicheka: “Mjomba, huyo bata ana mafua!” Nami nageuka nikuulize nipunguze wapi, halafu… basi tu.

Pumzika, shemeji wangu. Dada na watoto wapo mikononi mwangu, usigeukegeuke huko. Mpini nitaumaliza, bata awe bata. Asubuhi utakapokamilika nitaupandisha Iyula, niulaze juu ya kaburi lako uukague. Na mtu akiniuliza nani kautengeneza, nitataja jina lako kwanza. Langu baadaye kidogo.

Shemeji yako