Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimekuwa baba. Miezi miwili kabla ya siku zake. Presha ilimpanda mke wangu Redempta tukiwa shamba, Mitundu, akasema haoni vizuri. Gari la kukodi, barabara tope tupu. Hapa hospitali wakampasua. Sasa yuko chumba cha uangalizi, hajui hata kama amejifungua. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Njiti. Ngozi imelegea kama ya mzee. Nimeogopa kumshika.

Jumanne, 4 Machi
Nesi Felista kasema kitanda cha joto wanalala watatu, hakitoshi. Mtoto akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama yake hawezi. Tuliopo ni mimi na mama mkwe.

Makubwa haya! Kwetu mama mkwe akipita njia hii, mimi nashika ile. Tangu nioe sijala naye pamoja, shikamoo natoa nikiangalia chini. Leo tupokezane mtoto, vifua wazi? Nilikataa. Felista hana simile — kasema mila tuziache getini, mtoto anapoa. Mwishowe kafunga pazia katikati. Mama mkwe kule, mimi huku, nesi anamhamisha.

Jumatano, 5 Machi
Kanikojolea. Nimefurahi kijinga.

Alhamisi, 6 Machi
Aliacha kupumua. Akiwa kwangu! Felista akamsugua unyayo, akavuta hewa. Eti njiti husahau kupumua, tuwe macho. Nyuma ya pazia mama mkwe analia. Nilitaka kumwambia pole, mama. Nina hasira na kila mtu, na mimi mwenyewe nimo.

Ijumaa, 7 Machi
Mchana nesi kaitwa mbio kwenye uzazi. Zamu ya mama mkwe. Tangu asubuhi ana homa, nasikia kitanda kinatikisika. Nikauliza huku nimeelekea ukutani: mtoto yupo salama?

Akajibu: Calist, hapumui.

Jina langu hajawahi kulitaja. Nikasimama, nimeshika pazia, siwezi kulifungua. Mtoto wangu anakufa na mimi naona haya! Akalivuta yeye. Kanga imefunguka. Akasema: vua shati, baba, mikono yangu haina nguvu.

Nikampokea. Nikasugua unyayo, nikasugua. Akakohoa.

Felista karudi, kamwekea oksijeni, kamwita daktari. Daktari kasikiliza kifua, hajaahidi kitu. Kasema tu asitolewe kwangu. Mama mkwe kaambiwa akapime malaria. Kagoma. Amekaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, macho kwenye mbavu za mtoto. Mimi kutoka hapa juu sizioni. Zikichelewa kupanda ananigusa goti, nasugua unyayo.

Redempta kazinduka, wanasema. Anauliza mtoto wake yuko wapi. Nani aende kumwambia? Mimi siwezi kuinuka, na mama yake hataki —

Kanigusa.