Alama Nane za Niraj

Delhi, 3 Juni. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Bihar.

Mdogo wangu Kusum,

Achari yako imefika salama.

Jana mwanao Niraj alifanya mtihani wa serikali, mara yake ya sita na ya mwisho kuruhusiwa. Jioni tulikadiria alama.

“Mjomba, hesabu tena! Penseli yako ina nongwa na mimi.”

Tisini na mbili. Wanaopita huanzia tisini na nane. Maswali kumi na mawili aliyobahatisha ameyakosa yote, akakatwa alama nane. Angeyaacha wazi, angepita.

Mimi ndiye niliyemwambia ajaze yote, kama enzi zetu, kosa lilipokuwa halikatiwi alama.

“Nilijua siku hizi kosa hukatiwa alama, Mjomba. Nilikutii tu.”

Atafika huko nyumbani Alhamisi. Usimgombeze. Mimi sitarudi; sina uso wa kukutazama.

Kaka yako,
Awadhesh